Kazi ya bidhaa za matangazo Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila wiki kwenye meza za kuchapa za Mwanza. Wanauliza wateja, wanauliza vijana wanaotafuta kazi, na wanauliza wenye maduka ya stesheneri wanaowaza kununua mashine yao ya kwanza. Anayejibu yumo ndani ya kazi. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

Bidhaa za matangazo ni zipi hasa?

Ni kitu cha matumizi ambacho taasisi inakigawa kikiwa na jina au nembo yake: fulana, kofia, kalamu, kikombe, kalenda, mwavuli, ndoo, mfuko, chupa ya maji, khanga, kitenge. Kinachokitofautisha na bango ni kwamba mtu anakichukua na kwenda nacho nyumbani. Bango likishushwa, limekwisha. Mwavuli wa benki utauona kwa mama anayeuza nyanya soko la Mlango Mmoja miaka kadhaa baada ya kampeni yenyewe kusahaulika, na jina bado linasomeka.

Duniani biashara hii ni kubwa na ina vyama vyake. Marekani kuna PPAI, iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20, na kila Januari wauzaji wa huko hukutana Las Vegas huku wa Ulaya wakikutana Düsseldorf. Sisi wa Kanda ya Ziwa soko letu la jumla ni Kariakoo ya Dar es Salaam, na nyuma ya Kariakoo kuna Guangzhou na Yiwu za China.

Wateja wakubwa wa kanda hii ni nani?

Halmashauri na taasisi za serikali, miradi ya afya na kilimo, migodi ya Geita na Shinyanga, viwanda vya minofu ya samaki, benki, kampuni za simu, vyuo, shule, makanisa na kwaya zake, vikundi vya vikoba, kamati za harusi.

Anayeanza huwakimbilia hao wa mwanzo. Mimi namshauri awatazame sana hawa wa mwisho. Kwaya ya watu arobaini inalipa taslimu, inakuja na mwenyekiti mmoja mwenye kauli, na ikiridhika inakuletea kwaya nyingine. Ofisi kubwa inaleta oda nono kisha malipo yanazunguka mezani miezi. Karakana nyingi zilizofunga milango hazikufa kwa kukosa kazi. Zilikufa zikiwa na madai.

Msimu wa kazi ni lini?

Januari na Februari ni ukame. Machi inafunguka kwa vitenge vya Siku ya Wanawake, tarehe 8. Aprili yote ni maandalizi ya Mei Mosi, fulana na kofia usiku na mchana. Kuna wiki ambayo Mwenge wa Uhuru unapita mkoani, kisha Nane Nane pale Nyamhongolo. Septemba na Oktoba ni mahafali ya kidato cha nne na maonesho ya madini Geita, na Novemba hadi Desemba ni mahafali ya vyuo, kalenda na diari.

Ukiielewa orodha hiyo umeielewa kazi. Tunachouza kwanza ni tarehe, fulana inafuata nyuma. Fulana ya Mei Mosi ikifika Mei 2 haina mwenyewe, hata iwe nzuri namna gani. Bei, mshahara, usingizi wa wafanyakazi na ugomvi na wateja vyote vinatoka kwenye tarehe, na majibu mengi yaliyobaki hapa yatarudi kwenye jambo hilo.

Kwa nini fulana moja ni ghali kuliko moja katika mia mbili?

Kwa sababu ya maandalizi. Kutengeneza skrini kunachukua muda na dawa ileile, uchape fulana kumi au elfu moja. Mzigo huo ukigawanywa kwa fulana mia mbili hauonekani. Ukibebwa na fulana tano unaonekana sana. Kama unataka chache, usilazimishe skrini. Soma swali linalofuata.

## Kuagiza

Nichague njia ipi: skrini, DTF, sublimesheni au kudarizi?

Skrini ni wavu uliobanwa kwenye fremu. Unapakwa dawa inayoganda kwa mwanga, mchoro unabaki wazi, na wino unasukumwa kupita hapo kwa raba. Kila rangi ina skrini yake. Ndiyo njia bora ya fulana nyingi zenye rangi moja au mbili, na wino ukikaushwa vizuri nembo inadumu hadi fulana yenyewe ichakae. Sisitiza hilo la kukaushwa. Wino wa plastisoli unahitaji joto la nyuzi 160 hivi ili uive, na fulana iliyoanikwa tu kwenye kamba ikafungwa kwenye kiroba itaacha nembo yake kwenye beseni la kufulia.

DTF ndiyo iliyobadilisha mji huu. Picha inachapwa kwenye filamu, inanyunyiziwa gundi ya unga, gundi inayeyushwa, kisha filamu inabanwa kwenye kitambaa kwa mashine ya joto, nyuzi 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15. Rangi zote zinatoka kwa mara moja, hata kwa fulana moja, iwe ya pamba au ya poliesta, nyeupe au nyeusi. Udhaifu wake ni picha kubwa iliyojaa kifua kizima. Hapo haipiti hewa, na mtu atakayetembea maandamano kutoka Nyamagana hadi Furahisha katika jua la mchana atajua nasema nini.

Sublimesheni ni wino unaogeuka mvuke kwenye nyuzi 190 hadi 200 na kuingia ndani ya uzi. Unashika poliesta pekee, na kitambaa kiwe cheupe au cha rangi hafifu. Kwenye pamba unafuliwa ukaondoka. Ni njia ya jezi na ya vikombe vilivyopakwa utando wake maalumu. Kikombe cha kawaida cha dukani hakikubali.

Kudarizi ni kwa fulana za kola, zile tunazoziita fomu siksi, na kwa kofia na makoti. Bei inahesabiwa kwa mishono. Maandishi ya chini ya nusu sentimita yanafungana, kwa hiyo kaulimbiu ndefu ya mradi usiiweke hapo.

Kwa mtu asiyetaka kufikiri sana: zaidi ya hamsini na rangi chache, skrini. Chache au zenye picha, DTF. Jezi, sublimesheni. Viongozi na wageni rasmi, darizi.

Nembo yangu iko kwenye WhatsApp. Inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na nembo inayoonekana safi kwenye simu inatoka na kingo zenye meno ikikuzwa kifuani. Tuma faili la vekta, yaani lile alilotengeneza dizaina kwenye CorelDRAW au Illustrator, au PDF iliyotoka humo. Ukiituma kwa WhatsApp, chagua kuituma kama hati.

Kama faili halipo kabisa, dizaina ataichora upya. Hiyo ni kazi inayolipwa. Watu wanaikataa gharama hii kwa sababu hawaioni, lakini kuchora upya nembo ya ushirika iliyopigwa picha ukutani, yenye samaki, jembe na maandishi ya duara, kunaweza kumla mtu nusu siku.

Kwa nini rangi haifanani na ile ya kwenye simu?

Simu inatoa mwanga, wino unarudisha mwanga. Havitalingana kamwe. Taasisi zenye msimamo hutupa namba ya Pantone, yaani mfumo wa kutaja rangi kwa namba, na hilo linamaliza mjadala. Wewe usiye nayo leta kitu halisi chenye rangi unayoitaka, hata kipande cha kitambaa. Na ujue kwamba njano au nyekundu juu ya fulana nyeusi lazima itandikwe nyeupe kwanza, la sivyo inazama. Hiyo nyeupe inahesabiwa kama rangi ya ziada.

Oda inachukua muda gani?

Inategemea fulana tupu ziko wapi. Zikiwa Mwanza, siku mbili au tatu kwa oda ya kawaida. Zikiwa Kariakoo, kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mzigo uliopakiwa jioni unaweza kushushwa stendi ya Nyegezi siku inayofuata. Vitu vya kuagizwa China kwa meli, kama chupa za chuma zenye nembo au miavuli ya rangi maalumu, vihesabu kwa miezi.

Hesabu kurudi nyuma. Anzia siku ya tukio, ondoa siku ya kugawa, ondoa siku ya kusafirisha, ondoa uchapaji, ondoa sampuli na siku ambazo bosi wako atakaa nayo bila kusema neno. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Oda nyingi zinachelewa zikiwa ofisini kwa mteja, siyo kwenye karakana.

Kwa nini mnadai nusu ya fedha kabla?

Kwa sababu fulana iliyoandikwa jina la mkutano wako haiwezi kuuzwa kwa mtu mwingine yeyote. Advansi inanunua fulana tupu na wino. Salio linalipwa wakati wa kuchukua mzigo. Taasisi za serikali zina utaratibu wao. Tazama swali la zabuni.

Mzigo wa Ukerewe, Sengerema au Geita unafikaje?

Sengerema na Geita zimekuwa rahisi tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025. Zamani gari lenye fulana lingekaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo na hakuna aliyejua litavuka saa ngapi. Sasa kilomita hizo 3 za maji ni dakika chache, na kuna wateja wa Geita wanaoagiza asubuhi na kuchukua jioni.

Ukerewe bado ni meli au kivuko hadi Nansio. Kwa huko tunafunga mzigo kwenye nailoni ndani ya boksi, na tunaondoka nao siku moja kabla ya ile ambayo ingetosha, kwa kuwa ziwa likichafuka hakuna wa kubishana nalo.

## Maisha ya kazi

Karakana ina watu gani?

Ndogo ina watatu: dizaina, mchapaji, na saidia fundi wa kuvuta fulana mezani na kuzianika. Ikikua inaongeza fundi wa darizi, wa kukunja na kupaki, na mfuatiliaji wa malipo. Huyu wa mwisho watu hawamhesabu, ila bila yeye karakana inayofanya kazi na ofisi haiwezi kusimama. Ndiye anayejua ni meza gani vocha ya malipo imelala na ni nani yuko likizo, na ndiye anayerudi tena na tena kwa adabu ileile. Kama nina kijana mwenye subira na lugha nzuri, hapo ndipo namweka.

Siku ya kazi ikoje?

Siku ya kawaida imepoa. Asubuhi ni kuosha skrini za jana na kukagua faili, mchana kuchapa, jioni kupaki. Wiki ya mwisho ya Aprili haifanani na hiyo kabisa. Watu wanalala juu ya viroba, mashine ya joto haizimwi, na umeme ukikatika saa nane usiku kila mmoja anashuka barabarani kuulizia jenereta. Wenye uwezo wanaweka jenereta ndogo kwa ajili ya mashine ya joto tu, maana hiyo ndiyo inayokula umeme. Skrini yenyewe inachapwa hata kwa mwanga wa kurunzi.

Malipo yakoje, na sheria inasemaje?

Wengi ni deiwaka, yaani vibarua wa kutwa, au wanalipwa kwa idadi ya fulana. Kulipwa kwa idadi kunamfaa mwenye mkono mwepesi wakati kazi ipo, na kunamwacha mikono mitupu Februari. Dizaina mara nyingi ana mshahara, na fundi wa darizi aliyekomaa anajipangia bei, kwa kuwa hawapo wengi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinazolipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa, na zisizidi 50 katika wiki nne. Kuna pia nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku. Nayasema haya wazi kwa sababu msimu wa Mei Mosi unakanyaga sheria hiyo kila mwaka kwenye karakana nyingi, na adhuhuri ya sikukuu ya wafanyakazi utakuta waliochapa fulana zake wamelala sakafuni bila kujua watalipwaje. Mwenye karakana akubali oda anayoweza kuifanya kwa zamu mbili za watu, au aikatae. Mteja aliyeleta kazi siku mbili kabla alipe bei ya haraka, na sehemu ya bei hiyo iende kwa waliokesha. Kuna karakana zinazofanya hivyo na hazikufa.

Kazi ina madhara kwa afya?

Yapo, na yanazuilika. Thina na petroli za kuoshea skrini zinapanda kichwani zikitumika kwenye chumba kisicho na dirisha, na zinakausha ngozi hadi inapasuka. Unga wa gundi ya DTF ukiyeyushwa unatoa moshi usiofaa kuvutwa mchana kutwa. Mashine ya joto inaunguza mkono wa mtu aliyechoka.

Madirisha mawili yanayotazamana, feni ya kutoa hewa, glavu na barakoa yenye kichujio, hivyo tu vinabadilisha mambo. Sheria inataka sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na mwajiri achangie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ili aliyeungua asitibiwe kwa mchango wa wenzake. Usimruhusu mtoto aliyekuja likizo kusaidia akae chumba cha thina.

Naanzaje kama sina mtaji?

Anza kwa mkono wa mtu mwingine. Miezi michache ya kuosha skrini na kuvuta fulana inakufundisha ambacho video za mtandaoni hazifundishi: wino ukikauka kwenye wavu unafanya nini, na fulana zipi zinasinyaa. VETA wa mafunzo ya ufundi na SIDO wa viwanda vidogo wapo Mwanza, ukaulize kozi na ushauri huko.

Ukianza mwenyewe, meza ya skrini ya mbao inatengenezwa na seremala yeyote na fremu zake ni mbao na wavu wa kununua. Wengi hugandisha mchoro kwa jua la kawaida. Mashine ya DTF iache kwanza. Nunua filamu iliyokwisha kuchapwa kwa wenye mashine, ubane mwenyewe. Mashine hiyo inataka kufanya kazi kila siku, maana wino mweupe ukikaa unaziba vichwa vya kuchapia na kichwa ni ghali. Kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, uliorejeshwa mwaka 2024. Halafu TIN, yaani namba ya mlipakodi, leseni, na jina la biashara lililosajiliwa BRELA, kwa sababu bila hivyo hakuna ofisi itakayokupa oda.

Mawinga wanatuharibia soko?

Winga ni mtu asiye na mashine anayechukua oda na kuigawa kwa wachapaji. Wengine ni waaminifu na wanatuletea kazi ambayo tusingeipata. Tatizo linaanza anapoahidi tarehe ambayo hakumuuliza mchapaji. Mteja akikuta bei ya chini sana, amwombe aone meza inayochapa.

## Mwelekeo wa sasa

DTF imeua skrini?

Hapana. Imechukua oda ndogo, na hilo ni jema kwa watu wa harusi na mahafali ambao zamani walikataliwa. Oda ya fulana elfu moja bado ni ya skrini kwa bei na kwa uimara.

Miradi ya wafadhili imepungua kweli?

Imepungua, na imetuuma. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025 na USAID kufungwa katikati ya mwaka huo, fulana za kampeni za afya, mabegi ya wahudumu wa ngazi ya jamii na mabango ya mafunzo vilipungua kwa mara moja. Karakana iliyokuwa na mteja mmoja wa namna hiyo ilibaki na mashine na kodi ya chumba. Waliovuka vizuri ni wale wenye kwaya, shule na wachimbaji wadogo kwenye daftari lao. Ndicho nilichokuwa nakisema kwenye swali la wateja.

Watu bado wanataka kalamu na kalenda?

Kalamu zinapungua thamani kwa sababu zilikuwa mbovu. Iliyokauka wiki ya kwanza inalitangaza jina lako vibaya. Kalenda ya ukutani bado ina nguvu kuliko wengi wa mjini wanavyodhani. Nenda visiwa vya Ukara au Kome uingie dukani, utaikuta ukutani, na tarehe za marejesho zimezungushiwa wino. Kinachopanda ni chupa za chuma, taa ndogo za sola, vifaa vya kuchaji simu, na vitu vyenye jina la mtu binafsi. Taasisi zinatoa vitu vichache vilivyo bora badala ya rundo, na mimi naunga mkono.

Mifuko ipi inaruhusiwa?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Ile mbadala inayofanana na kitambaa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hapo ni kosa, na nembo ya mteja wako ndiyo itakayoonekana kwenye mzigo uliokamatwa na NEMC, wasimamizi wa mazingira. Wa turubai ya pamba ni ghali lakini utabebwa sokoni miaka.

Tuko kwenye nchi ya pamba. Kwa nini fulana zinatoka nje?

Swali hili linaulizwa na kila mgeni aliyepita Simiyu au Magu msimu wa mavuno, na lina haki ya kuulizwa. Kanda ya Ziwa ndiyo inayolima sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania. Vinu vya kuchambua vipo. Baada ya kuchambuliwa, sehemu kubwa ya nyuzi inauzwa nje ikiwa ghafi, inasokotwa huko, inafumwa huko, na inarudi Kariakoo ikiwa fulana.

Kuna jambo la kiufundi pia. Viwanda tulivyokua navyo, kama Mwatex hapa na Mutex ya Musoma, vilijulikana kwa kitambaa cha mtande na mshindio, yaani khanga na vitenge. Fulana ni kitambaa cha kusukwa kwa vitanzi, kinachonyumbuka, na kinataka mashine nyingine kabisa. Kuwa na pamba na kiwanda cha khanga hakukupi fulana. Ningefurahi sana siku moja kuchapa fulana ya Nane Nane ambayo pamba yake imelimwa na watu wanaoivaa. Kwa sasa, anayetaka bidhaa ya nyumbani tunampa kitenge na khanga za viwanda vya nchini, na mifuko iliyoshonwa na mafundi wetu.

Tunaweza kupata khanga au kitenge chenye nembo yetu?

Ndiyo, kama mko wengi. Kiwanda kinaandaa mchoro wa pindo, wa mji (sehemu ya katikati) na wa jina (maneno yake) kwa ajili yenu tu, na gharama hiyo haifai bila maelfu ya mita. Kikundi cha watu sitini kinunue kitenge cha rangi moja na kuchapa nembo kwa skrini kwenye kipande kitakachoangukia kifuani au mgongoni baada ya kushonwa. Ongeeni na fundi cherehani kabla ya kuchapa, sio baada.

Kama una fedha ya bidhaa moja tu kwa akina mama, chagua khanga. Inafungwa, inabebea mtoto, inatandikwa, inavaliwa msibani. Hakuna kofia inayoishi hivyo.

Nikitengeneza dizaini kwa akili mnemba, mtaichapa?

Tutaitazama kwanza. Shida zake ni za kila siku: maneno ya Kiswahili yaliyokosewa herufi, vivuli vingi visivyogawanyika kwenye skrini, na picha ndogo isiyokuzika. Itumie kumwonyesha dizaina unachokitaka, naye atachora.

## Mambo ya pembeni

Tunaweza kuchapa nembo ya Simba, Yanga au Pamba Jiji kwa ajili ya tawi letu? Na AFCON 2027?

Nembo za klabu ni mali ya klabu. Alama zilizosajiliwa zinalindwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia. Tawi lenye barua ya ruhusa ya klabu tunalichapia. Bila barua, tumia rangi na jina la tawi lenu.

AFCON 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na maswali yameanza kuja. Nembo ya mashindano ni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. "Karibu Mwanza" na picha ya Jiwe la Bismarck hazina ugomvi na mtu.

Nembo ya Taifa na bendera?

Nembo ya Taifa ni ya serikali. Usiiweke kwenye bidhaa yako bila kibali. Ofisi ya umma inayoagiza ilete barua.

Mnachukua kazi za uchaguzi?

Tunachukua, kwa malipo kamili kabla ya kuanza, kwa kila chama kwa masharti yaleyale. Mgombea ajue kwamba vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, vilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inataka matumizi yake yatolewe hesabu. Mpe risiti ya kila kitu, na wewe baki na nakala.

Zabuni za serikali tunaingiaje?

Kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma. Sajili kampuni, weka nyaraka, na kama ninyi ni kikundi maalumu cha vijana, wanawake, wazee au watu wenye ulemavu, kuna asilimia 30 ya manunuzi iliyotengwa kwa ajili yenu. Watu wengi hawaigusi kwa kutoijua. Usianze kuchapa kwa ahadi ya simu, hata anayepiga awe mtu unayemheshimu sana. Subiri oda rasmi. Na ukipanga bei, kumbuka kodi ya zuio itakatwa kabla hujaona fedha, na ukivuka mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka kuna VAT ya asilimia 18.

Jina limekosewa kwenye fulana zote. Nani analipa?

Anayelipa anajulikana kwa sampuli iliyosainiwa. Kosa likiwa kwenye sampuli na mteja ameipitisha, ni lake. Kama sampuli ilikuwa sahihi na tumechapa tofauti, ni letu, na tunachapa upya hata usiku. Kwa hiyo soma sampuli kwa sauti, herufi kwa herufi, na mpe mtu wa pili ambaye hakuandika. Makosa mengi yako kwenye tarehe na majina ya wilaya, siyo kwenye maneno magumu.

Tukio limeahirishwa na fulana zina tarehe. Tufanye nini?

Tarehe inaweza kufunikwa kwa kibandiko cha DTF chenye tarehe mpya, na kikipimwa vizuri hakionekani sana. Kwa oda inayofuata, acha mwaka au uandike jina la tukio pekee.

Tuna msiba. Tunaweza kupata fulana zenye picha ya marehemu kesho asubuhi?

Ndiyo. Kazi hii inapita mbele ya nyingine zote, na haitozwi bei ya haraka. Tunatumia DTF, kwa kuwa skrini haiwezi kutoa sura ya mtu vizuri kwa usiku mmoja. Mtume mtu mmoja tu wa familia mwenye kauli, aje na picha halisi au simu iliyoipiga, siyo iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Aandike kwa mkono wake jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, na idadi kwa saizi. Akifika kabla ya saa mbili usiku, fulana hamsini zinakuwa tayari alfajiri.